Swichi ya ufunguo ya pikipiki: kuipima, kuifungua, kuisafisha na kuirudisha

Pikipiki inakata umeme ukipinda usukani upande mmoja, na umeme unarudi ukiunyoosha. Au lazima uutikisetikise ufunguo ndipo taa ya nyutro iwake. Au honi inalia kinyonge na stata inabofya tu, ilhali betri umeipima na ni nzima. Wengi wakifika hapo hununua swichi mpya, wakaifunga, na kuanzia siku hiyo wakatembea na funguo mbili: mmoja wa kuwashia, mwingine wa kufungulia tangi. Swichi iliyotupwa, ukiifungua, mara nyingi unakuta waya moja imekatika kwenye kiungo cha risasi ya kulehemu, au kontakti zimefunikwa na grisi iliyokauka. Ni kazi inayofanyika mchana mmoja, ukiwa na subira na mahali pa kuweka vitu vidogo visipotee.

Hata hivyo, spana usiishike kwanza. Shika mita.

Kilichomo ndani

Swichi ya ufunguo ni vitu viwili vilivyobebana. Juu kuna kufuli: silinda yenye vibapa vidogo vya shaba nyeupe au ya njano vinavyopandishwa na meno ya ufunguo. Ufunguo sahihi ukiingia, vibapa vyote hulala sawa na silinda ikazunguka. Chini kuna kitako cha plastiki chenye kontakti za shaba, na ndicho kinachopitisha umeme. Katikati, kwenye swichi zinazofunga usukani, kuna ulimi wa chuma unaotokeza pembeni na kuingia kwenye tundu la fremu unapogeuza ufunguo upande wa LOCK.

Ugawanyo huo uuweke akilini, kwa sababu dalili nazo zinagawanyika hivyohivyo. Ufunguo mgumu kuingia au kugeuka ni ugonjwa wa kufuli. Umeme unaokatika, taa zinazofifia na soketi inayochemka ni ugonjwa wa kitako, nyaya au soketi. Kumwaga mafuta kwenye tundu la ufunguo ili kutibu umeme unaokatika hakutasaidia, na baadaye tutaona kunaweza kuharibu.

Pima kabla ya kufungua

Anza na soketi ya swichi. Fuata mkanda wa nyaya zinazotoka kwenye swichi. Huishia ndani ya bakuli la taa kubwa, au chini ya tangi, au nyuma ya dashibodi. Iangalie kwa macho. Plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia, iliyojikunja au yenye harufu ya kuungua inakwambia kuwa tatizo liko hapo hapo kwenye vipini vya soketi, na pengine swichi yenyewe huna haja ya kuigusa. Badilisha vipini vilivyoungua, usivipige msasa tu. Kipini kikishachemka hulegea, na kilicholegea huchemka tena.

Soketi ikiwa nzima, pima upotevu wa volti. Hiki ndicho kipimo chenye maana kuliko vyote katika kazi hii, na ndicho kinachorukwa zaidi. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Washa ufunguo, kisha washa mzigo wa kutosha: taa, indiketa, kanyaga breki. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa inapata umeme moja kwa moja kutoka koili za sumaku za injini na haipiti kwenye swichi, kwa hiyo zitegemee honi, breki na indiketa. Chomeka ncha moja ya mita nyuma ya soketi kwenye waya inayoleta umeme wa betri, na nyingine kwenye waya inayotoa umeme kwenda kwenye pikipiki (rangi zake ziko aya mbili chini). Swichi nzuri itasoma chini ya volti 0.2. Ukisoma nusu volti au zaidi, kontakti au viungo vyake vimechoka.

Nusu volti inaonekana ndogo, lakini piga hesabu. Swichi inayopitisha ampea 8 huku ikipoteza volti 1 inageuza wati 8 kuwa joto, na joto hilo lote liko kwenye nukta ya shaba isiyozidi kichwa cha kiberiti. Plastiki inayoshikilia shaba hiyo italainika, springi itapoteza nguvu, mgusano utalegea, joto litaongezeka. Ndiyo maana swichi iliyoanza kusumbua kidogo haikai hivyo, inaenda ikizidi.

Halafu chomoa soketi, weka mita kwenye mlio wa mwendelezo (mita hulia ncha zake zikiwa zimeungana kwa umeme), na upime upande wa swichi peke yake. Hapa rangi za nyaya zinahitaji uangalifu. Kwenye pikipiki nyingi za Honda na zile zilizoiga mfumo wake, nyekundu ni umeme wa betri, nyeusi ni umeme unaotoka ufunguo ukiwashwa, kijani ni athi (njia ya kurudi kwenye fremu na hasi ya betri), na nyeusi yenye mstari mweupe ndiyo ya kuzimia injini. Ufunguo ukiwa ON, nyekundu na nyeusi zinapaswa kulia pamoja, na nyeusi-nyeupe isilie na kijani. Ukiwa OFF ni kinyume: nyekundu na nyeusi zimeachana, nyeusi-nyeupe na kijani zimeungana. Ukihamia Yamaha, umeme wa ufunguo kwa kawaida hupita kwenye waya ya kahawia, na nyeusi ni athi. Suzuki hutumia rangi ya machungwa kwa kazi hiyo, na nyeusi-nyeupe yao ni athi. Anayefanya kazi kwa mazoea ya Honda anaweza kupiga shoti kwenye Yamaha kwa kuamini rangi tu, kwa hiyo tafuta mchoro wa umeme wa pikipiki yako.

Mita ikiwa bado inalia, kunja na kukunjua nyaya mahali zinapoingia kwenye swichi, moja baada ya nyingine. Mlio ukikatikakatika, mgonjwa umempata. Swichi nyingi zimefungwa kwenye bamba la juu linaloshika shokapu za mbele, na bamba hilo huzunguka na usukani. Kila kona unayokata inaikunja waya mahali pale pale. Ganda la nje linaweza kuwa zima kabisa huku shaba ya ndani imebaki nyuzi mbili tatu. Ukiivuta taratibu na ganda likarefuka kama mpira, ndani hakuna kitu.

Vifaa

Soketi za spana namba 8, 10 na 12, spana za L, bisibisi bapa ndogo na bisibisi za nyota. Skrubu za pikipiki za Kijapani zina umbo la JIS (kiwango cha viwanda cha Japani), ambalo linafanana na nyota ya kawaida lakini halilingani nayo sawasawa. Bisibisi ya kawaida huteleza na kuila skrubu, kisha lawama zinaenda kwa skrubu kwamba ni laini. Bisibisi ya JIS ya namba 2 ni kifaa cha kununua mara moja. Zaidi ya hapo: mita, spreyi ya kusafishia kontakti au spiriti safi ya isopropili, msasa laini wa namba 1000, grisi ya kontakti, pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, risasi, na mipira ya kunywea kwa joto. Na kitambaa cheupe kikubwa. Gololi ndogo ikidondoka kwenye kitambaa cheupe inaonekana. Ikidondoka kwenye sakafu, imekwenda.

Kuitoa swichi

Ondoa betri kwenye mfumo, hasi kwanza. Mpangilio huu una sababu yake: ukianza na chanya na spana ikagusa fremu huku hasi bado imefungwa, umepiga shoti ya betri nzima mkononi mwako. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho.

Ufunguo uwe OFF na usukani usiwe umefungwa. Ulimi wa loki ukiwa nje, swichi nyingi hazitoki, na hata zikitoka utalazimisha kitu. Funika tangi kwa kitambaa kinene. Toa bakuli la taa au dashibodi kadiri inavyohitajika ili uione swichi kwa chini. Kwenye baadhi ya pikipiki itabidi ulegeze vibana vya usukani na kuulaza nyuma. Fanya hivyo bila kuning'iniza kopo la mafuta ya breki kichwa chini, la sivyo hewa itaingia kwenye mfumo.

Piga picha njia ya nyaya. Picha ya soketi peke yake haitoshi. Piga jinsi mkanda unavyopita kando ya kichwa cha usukani, upande gani wa kebo ya klachi, umefungwa wapi. Swichi nyingi zilizorudishwa vizuri hufa tena kwa sababu mkanda ulipitishwa mahali unapobanwa usukani ukigeuzwa.

Chomoa soketi kwa kubonyeza kiloki chake. Usivute nyaya. Kisha fungua bolti; kwa kawaida ni mbili, zinazopanda kutoka chini ya bamba.

Bolti hizo zikiwa na kichwa cha kawaida, una bahati. Watengenezaji wengi hutumia bolti za kuzuia wezi, ambazo kichwa chake hukatika zikikazwa na kubaki kibonge cha mviringo kisichoshikika. Njia ya kwanza ni ya upole. Kata mfereji juu ya kibonge kwa msumeno mwembamba wa chuma au kidiski kidogo cha kukatia, kisha ugeuze kwa bisibisi bapa pana. Ikigoma, weka tindo kali ukingoni mwa kibonge, ilaze kuelekea upande wa kufungua, ugonge kwa nyundo ndogo. Bolti hizi nyingi zimewekwa gundi kwenye nyuzi zake za kukazia, kwa hiyo kupasha joto kidogo kwa bunduki ya hewa moto husaidia, ila kumbuka kitako cha plastiki kiko sentimita chache tu kutoka hapo. Njia ya mwisho ni drili. Toboa alama katikati kabisa, anza na biti nyembamba, halafu kubwa zaidi, mpaka kibonge kiachane na mwili. Swichi ikishatoka, shina lililobaki hushikwa kwa plaisi na kugeuzwa. Ziba tundu la ufunguo kwa tepu kabla ya kutoboa, kwa sababu chembe za chuma zikiingia humo utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili.

Pikipiki yenye ufunguo wa chipu ina koili ya antena inayozunguka mdomo wa swichi. Itoe taratibu na usiikate waya wake mwembamba. Bila koili hiyo kompyuta ya injini haitautambua ufunguo na injini haitawaka. Baadhi ya pikipiki za mbio nazo zina rezista (kipinga umeme) ndani ya swichi ambayo kompyuta huisoma. Kuunganisha nyaya moja kwa moja kwenye pikipiki za namna hiyo hakutawasha kitu.

Kutenganisha kitako na kufuli

Swichi sasa iko mezani. Kitako hushikwa kwa njia moja kati ya tatu. Kikiwa na skrubu mbili au tatu, fungua tu. Kikiwa na meno ya plastiki, tia ufunguo, ugeuze ukae katikati ya ON na OFF, kisha bonyeza meno yaliyo kwenye matundu ya ubavuni kwa bisibisi ndogo huku ukivuta kitako nje. Ufunguo ukiuacha ON au OFF kamili, kitako kitagoma na utavunja meno ukidhani hukutumia nguvu za kutosha. Aina ya tatu imebanwa kwa riveti au imekunjwa chuma. Hiyo inafunguka kwa kutoboa riveti, lakini mimi huifungua tu pale ambapo swichi mpya haipatikani.

Fanya kazi hii ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga, mikono yako ikiwa ndani. Springi zilizo chini ya kontakti ni fupi na zina haraka. Kitako kikifunguka, acha kila kitu kikae kilivyo, piga picha, ndipo uanze kutoa. Utaona bamba la shaba linalozunguka na ufunguo, vidole au vinundu vya shaba vilivyosimama kwenye kitako, springi chini yake, na pengine gololi inayoleta ule mshiko unaousikia ufunguo ukifika ON. Weka alama ya kalamu kwenye bamba na kwenye kitako ili virudi vikitazamana vilevile. Bamba likirudi limegeuka nusu mzunguko, swichi itafungika vizuri kabisa, isipokuwa OFF itakuwa ON.

Kusafisha kontakti

Grisi ya zamani huwa imegeuka utomvu wa kahawia uliochanganyika na unga mweusi wa shaba. Unga huo hupitisha umeme, na ndio wakati mwingine huacha betri ikiisha usiku ilhali ufunguo uko OFF. Uondoe wote kwa spreyi ya kontakti na mswaki laini. Usitumie petroli, na usitumie asetoni. Hiyo ya pili huyeyusha aina nyingi za plastiki, na petroli huacha mabaki, mbali na hatari ya moto.

Weusi au ukijani ulio juu ya shaba uusugue kwa kifutio cha penseli kwanza. Usipotoka, tumia msasa wa 1000, mipigo michache, ukiishia pale shaba inapong'aa. Kontakti nyingine zimepakwa tabaka jembamba la fedha, na ukisugua kama unayesafisha sufuria utaliondoa na kubaki na shaba tupu inayoungua upesi. Vishimo vidogo havidhuru. Kinachotakiwa ni eneo la kutosha la kugusana, si kioo.

Angalia kitako chenyewe. Kinundu cha shaba kilichozama kwenye plastiki iliyoyeyuka hakitagusa tena hata ukisafisha vipi. Hapo uamuzi ni kununua kitako, ambacho kwa pikipiki nyingi huuzwa peke yake bila kufuli, na ufunguo wako wa zamani unaendelea kutumika.

Bonyeza kila springi kwa kidole. Iliyokaa fupi kuliko wenzake imepoteza ugumu kwa joto; inyooshe kidogo ikiwa huna nyingine, ukijua kwamba hiyo ni dawa ya muda.

Kisha paka grisi ya kontakti, utando tu. Epuka grisi ya silikoni kwenye sehemu zinazogusana na kuachana. Cheche zinapoipiga, huacha mabaki yanayofanana na mchanga ambayo hayapitishi umeme. Vaselini safi ni bora kuliko silikoni hapa, ikiwa ndiyo uliyo nayo.

Kurudishia nyaya zilizokatika

Waya iliyokatika kwenye mguu wa kitako usiirudishie risasi juu ya kiungo kilekile. Kata nyuma mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Ikiwa imeingia weusi ndani ya ganda, risasi haitashika, itabaki vidonge juu yake. Yeyusha risasi ya zamani, safisha mguu, weka risasi mpya kidogo kwenye mguu na kwenye waya kila kimoja peke yake, kisha uviunganishe kwa mguso wa sekunde mbili au tatu. Pasi ikikaa zaidi, mguu utazama kwenye plastiki.

Ukiongeza waya, chagua ya nyuzi nyingi nyembamba. Milimita mraba 1.5 inatosha kwa nyaya kuu za swichi. Waya ya nyuzi chache nene itavunjika mapema. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na waya hukatika pale ugumu unapoishia. Kwa hiyo kiungo kiwe mahali pasipokunjwa, kifunikwe kwa mpira wa kunywea, na mkanda wote ufungwe kwenye mwili wa swichi ili mkunjo uhamie mbali na risasi.

Kufuli na ufunguo

Kufuli chafu huoshwa kwa spreyi ya kontakti ikiwa imetenganishwa na kitako, tundu likitazama chini, ufunguo ukiingia na kutoka mara kadhaa mpaka kimiminika kitoke safi. Acha likauke. Kulainisha, tumia spreyi kavu ya PTFE (tefloni). Unga wa grafiti unasifiwa sana kwa makufuli, na kwa mlango ni sawa, lakini grafiti hupitisha umeme na hapa chini ya kufuli kuna kontakti. Mafuta ya kawaida nayo hukamata vumbi na kuwa uji.

Ufunguo uliolika una meno ya mviringo na huchomoka hata ukiwa ON. Usiuchonge mwingine kwa kunakili huo. Utanakili na ulaji wake. Chongesha kwa ule wa akiba ambao haujatumika, au kwa namba iliyochapwa kwenye kibati kilichokuja na funguo.

Kuhusu mzigo unaoning'inia kwenye ufunguo: mwaka 2014 General Motors ya Marekani ilirudisha mamilioni ya magari kwa sababu ya swichi zilizoweza kujizima gari likienda, na wenye magari waliambiwa, wakisubiri matengenezo, watoe kila kitu kwenye pete wabaki na ufunguo peke yake. Kwenye pikipiki mtikisiko ni mkubwa zaidi, na shada la funguo hupiga na kukwaruza mchana kutwa.

Kurudisha na kujaribu

Funga kitako, kisha rudia kipimo cha mwendelezo mezani kabla swichi haijarudi kwenye pikipiki. Jaribu na ulimi wa loki: utoke ufunguo ukiwa LOCK, urudi wote ndani ukiwa OFF. Ulimi unaobaki nje hata kidogo usiendeshe nao; huo unaweza kufunga usukani barabarani.

Bolti za M6 (kipenyo cha milimita 6) kaza kama Nm (nyutoni-mita) 10, za M8 kama Nm 20 hadi 25, isipokuwa mwongozo wa pikipiki yako useme vingine. Pitisha mkanda kama picha inavyoonyesha, geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone haubanwi wala haukazwi. Unganisha betri. Washa injini ikiwa nyutro, iache kwenye mzunguko wa chini, kisha geuza usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa ukisikiliza, mlio usibadilike. Zima kwa ufunguo. Injini isipozima, na mfumo ni ule wa nyeusi-nyeupe, basi waya hiyo haifiki kwenye athi. Rudia kipimo cha upotevu wa volti ulichoanza nacho, na ushike soketi kwa mkono baada ya dakika kumi za mzigo. Isizidi vuguvugu.

Fyuzi kuu ibaki ya ampea zilezile zilizoandikwa na mtengenezaji. Fyuzi iliyokuwa ikiungua kabla ya kazi hii na bado inaungua inamaanisha kuna shoti mahali pengine.

Ikiwa pikipiki yako imeongezwa taa na taa kubwa inapita kwenye swichi, weka rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Balbu ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.6, na koili ya rilei huvuta chini ya robo ampea. Mguu wa 30 uunganishe na chanya ya betri kupitia fyuzi yake yenyewe, 87 uende kwenye taa, 86 uchukue waya iliyokuwa ikiwasha taa, 85 uende athi. Fyuzi hiyo ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina kinga yoyote.